Windows Home au Pro? Historia yake kabla hujatoa pesa ya chama

Nilikuwa nimeahidi somo la salfa ya unga kwenye mikorosho, na litakuja. Leo naomba tuzungumze kuhusu kompyuta ya chama, kwa sababu kuna kosa nimelifanya mimi mwenyewe na nisingependa afisa ugani mwingine au mwenyekiti mwingine alirudie.

Msimu wa korosho wa mwaka juzi, chama kimoja cha msingi ninachokihudumia kiliamua kuachana na madaftari. Mwenyekiti akaenda mjini kununua kompyuta mpakato. Dukani akawekewa mbili mezani, umbo moja, rangi moja, nguvu moja. Moja ilikuwa na Windows 11 Home, nyingine Windows 11 Pro, na hiyo ya pili ilikuwa ghali zaidi. Akanipigia simu: "Bwana shamba, tuchukue ipi?" Nilikuwa shambani, mikono imejaa udongo, nikamjibu haraka haraka: "Chukua Home, mzee wangu. Hiyo Pro ni ya makampuni makubwa."

Katikati ya msimu kompyuta ile iliibiwa kwenye basi pamoja na mkoba wa katibu. Kompyuta yenyewe ilikuwa hasara ya kuvumilika. Tatizo ni kilichokuwa ndani: orodha ya wanachama, namba zao za simu, namba za akaunti za benki, na kilo ambazo kila mmoja alikuwa ameshapeleka. Wiki chache baadaye wazee wakaanza kupigiwa simu na mtu anayewataja kwa majina yao yote matatu na kilo zao sawasawa, akidai malipo yao yamekwama na inatakiwa pesa kidogo ya kuyafungua. Wanachama wawili walituma.

Kwenye mkutano mama mmoja alisimama akaniuliza: "Bwana shamba, hivi hiyo Home na hiyo nyingine zina tofauti gani?" Sikuwa na jibu. Nilienda kulitafuta, na nikaona kwamba haliwezi kueleweka bila kurudi nyuma miaka thelathini na zaidi.

Kwanza tuelewane kwenye maneno. Nikisema toleo namaanisha Windows 7, Windows 10, Windows 11, yaani zile zinazokuja moja baada ya nyingine. Nikisema daraja namaanisha Home, Pro na ndugu zao, yaani zinazouzwa kwa wakati mmoja kwa bei tofauti. Watu wengi huchanganya haya mawili. Nimeshamwona mtu akiacha Windows 10 Pro akachukua Windows 11 Home akiamini amepanda daraja.

Zamani zilikuwa mashine mbili kweli

Mwaka 1988 kampuni ya Microsoft ilimwajiri Dave Cutler, mhandisi aliyetoka Digital Equipment Corporation, aongoze ujenzi wa mfumo endeshi mpya kabisa. Kazi hiyo ilizaa Windows NT, iliyotoka Julai 1993 kwa ajili ya maofisi. Nyumbani watu walikuwa na Windows nyingine iliyokaa juu ya DOS ya zamani, na hata Windows 95, iliyotoka Agosti 1995 kwa shangwe kubwa, mizizi yake ilikuwa bado kwenye DOS hiyo hiyo.

Tofauti ya mifumo hii ilikuwa ya ndani kabisa. Windows 95 ilikubali kufanya kazi, japo kwa kujikongoja, kwenye kompyuta yenye kumbukumbu ya MB 4. Windows NT 4.0 ya mwaka 1996 ilitaka angalau MB 12, na kumbukumbu siku hizo ilikuwa ghali. Kwa upande mwingine NT ilijua kila faili ni la nani na nani anaruhusiwa kulifungua. Windows 95 haikujua hayo. Ilikuomba nenosiri wakati wa kuwaka, lakini ukibonyeza kitufe cha Esc kisanduku kile kinaondoka na unaingia ndani kama kwako. Waliotumia kompyuta za shule miaka ile watakumbuka.

Kwa hiyo mtu akikuuliza mwaka 1996 achague ipi, jibu lilikuwa la kiufundi. Ilikuwa sawa na kuuliza kati ya pikipiki na trekta. Inategemea una mzigo gani, na una mafuta kiasi gani.

Siri iliyofichuka mwaka 1996

Lakini mwaka huo huo jambo lingine lilitokea upande wa maofisi, na hilo ndilo linalofafanua yote yaliyofuata. NT 4.0 iliuzwa kwa madaraja mawili: Workstation, ya kukaa mezani kwa mfanyakazi, na Server, ya kuhudumia kompyuta nyingine. Server iliuzwa kwa zaidi ya mara mbili ya bei ya Workstation. Maelezo yaliyotolewa yalikuwa kwamba hizi ni bidhaa mbili, kila moja imetengenezwa kwa kazi yake.

Wakati toleo hilo likiwa bado kwenye majaribio, Microsoft iliweka kizuizi kwenye Workstation: isihudumie zaidi ya anwani 10 za mtandao ndani ya dakika 10. Watu waliokuwa wakiendesha tovuti ndogo kwa kompyuta ya kawaida walipiga kelele, na mchapishaji wa vitabu vya kompyuta Tim O'Reilly alikuwa mstari wa mbele. Kizuizi cha kiufundi kikaondolewa, lakini sharti likabaki kwenye maandishi ya leseni. Ndipo wachunguzi wawili, Mark Russinovich na Andrew Schulman, walipoamua kuangalia tofauti hasa ni ipi.

Walichokikuta ni kwamba kiini cha Workstation na kiini cha Server kilikuwa kimoja. Kompyuta ikiwaka, husoma mahali fulani kwenye rejista yake kuona imeandikwa neno gani. Ikikuta neno la Workstation inajipanga kama Workstation, ikikuta neno la Server inajipanga kama Server. Ni kweli kwamba Server iliuzwa na programu za ziada, lakini injini yenyewe ilitofautishwa na maneno machache tu kwenye rejista, na ndani ya mfumo kulikuwa na mlinzi wa kuhakikisha mwenye kompyuta hayabadilishi.

Kichekesho cha historia ni kwamba Russinovich aliyefichua siri hiyo aliajiriwa na Microsoft hiyo hiyo mwaka 2006, ilipoinunua kampuni yake, na akawa mmoja wa wakuu wao wa ufundi.

Home inazaliwa

Windows 2000 ilitoka Februari 2000, na ile ya mezani ikaitwa Professional. Mwaka huo huo mwezi Septemba nyumbani wakapewa Windows Me, ya mwisho katika ukoo wa DOS, na sitaieleza zaidi. Tarehe 25 Oktoba 2001 koo mbili zikaunganishwa katika Windows XP. Kuanzia hapo kompyuta ya nyumbani na ya ofisini zikawa na injini moja, ile ya akina Cutler.

Sasa swali la biashara likaja. Ikiwa injini ni moja, mteja wa ofisini utamtozaje zaidi? Jibu lilikuwa Home Edition na Professional. Nchini Marekani, Home kamili iliuzwa dola 199 na Professional dola 299. Waliochukua Home walinyimwa uwezo wa kuunga kompyuta kwenye mtandao unaosimamiwa na seva ya ofisi, uwezo wa kuitawala kompyuta yako ukiwa mbali, na ule wa kusimba faili ili mwizi asizisome. Home pia haikukubali kutumia zaidi ya prosesa moja kwenye ubao.

Na mfano ninaoupenda ni huu. Kwenye XP Home, ukurasa wa kupanga nani aruhusiwe kufungua faili gani haukuonekana. Lakini ukiizima kompyuta, ukaiwasha tena huku unabonyeza F8, ukachagua hali ya usalama ambayo mafundi huitumia kutengeneza mashine, ukurasa ule ulitokea na kufanya kazi vizuri. Yaani haukuwa umeondolewa. Fikiria nyumba mbili za mpangaji, ramani moja, fundi mmoja, ila katika moja chumba cha stoo kimepigwa kufuli na mwenye nyumba anauza ufunguo.

Je, huu ni wizi? Mimi sioni hivyo, na najua wapo watakaonipinga. Gharama ya programu iko kwenye kuiandika. Kuitoa nakala haigharimu kitu. Ukiweka bei moja kwa wote, ama mwanafunzi atashindwa ama benki italipa kama mwanafunzi. Wengine walishafanya vivyo hivyo: mwaka 1991 Intel waliuza prosesa ya 486SX, ambayo ilikuwa 486DX iliyozimwa sehemu yake ya hesabu za desimali, ili wapate ya bei nafuu. Hata sisi tuna mbolea ya ruzuku na isiyo ya ruzuku, na kilichomo mfukoni ni kile kile. Ila mfuko wa ruzuku haupunguzwi kitu kabla ya kumfikia mkulima. Hapo ndipo ninapoanza kukuna kichwa.

Madaraja yanakuwa sita

Mwaka 2004 Microsoft walitangaza XP Starter Edition, ya bei ya chini kwa masoko kama Thailand, Malaysia na Indonesia. Iliruhusu programu tatu tu kufunguka kwa pamoja. Ukitaka ya nne, funga moja.

Windows Vista, iliyoingia madukani tarehe 30 Januari 2007, ilikuja na Starter, Home Basic, Home Premium, Business, Enterprise na Ultimate. Ultimate kamili iliuzwa dola 399. Windows 7 ya Oktoba 2009 ilibaki na msururu kama huo, na kwenye Starter yake hukuruhusiwa hata kubadilisha picha ya nyuma ya skrini. Kuna jambo moja la kutugusa sisi hapo. Lugha kubwa kama Kifaransa ziliwekwa kama pakiti kamili, na ukitaka kuiongeza kwenye kompyuta yako ilibidi uwe na Ultimate au Enterprise. Kiswahili kilikuwa kwenye kundi la lugha zilizotafsiriwa kwa sehemu, na pakiti zake zilitolewa bure kwa daraja lolote. Kwa mara moja, kuwa kwenye foleni ya nyuma kulitusaidia.

Umri wa kuishi

Kitu ambacho muuzaji hakwambii dukani ni muda ambao Windows yako itaendelea kupelekewa viraka vya usalama. Zamani ulitegemea daraja. Utaratibu wa Microsoft ulikuwa bidhaa za biashara kupata miaka mitano ya kawaida na mitano ya nyongeza, na za nyumbani kuishia kwenye ile ya kwanza. Mwenye XP Home angeachwa mapema kuliko jirani yake mwenye Professional, ingawa injini ni moja na matundu ya wezi ni yale yale. Januari 2007 Microsoft walilegeza, XP Home ikapewa muda sawa na Professional hadi tarehe 8 Aprili 2014. Mwaka 2012 wakafanya hivyo hivyo kwa Vista na Windows 7 za nyumbani.

Baadaye ukuta ukarudi kwa mlango mwingine. Windows 7 ilipofikia mwisho tarehe 14 Januari 2020, viraka vya kulipia viliuzwa kwa madaraja ya biashara, na wenye Home hawakuhesabiwa. Windows 10 ilipofikia mwisho tarehe 14 Oktoba 2025, safari hii Home nayo ilikubaliwa kupata mwaka mmoja wa ziada. Kwa hiyo usikariri orodha ya mwaka fulani ukadhani ni sheria. Mstari kati ya Home na Pro huchorwa upya kila mara.

Masasisho ni mfano mwingine, na wenye kutumia bando wanaujua kwa uchungu. Windows 10 ilipotoka Julai 2015, mwenye Pro aliweza kuahirisha masasisho na mwenye Home hakuweza. Kompyuta ya Home iliyounganishwa na simu ingeweza kumaliza bando la wiki usiku mmoja ikijisasisha, labda uiambie kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo. Mwaka 2019 hata Home ikaruhusiwa kusimamisha kwa siku kadhaa, hadi 35.

Kufuli lililotuponza

Sasa turudi kwenye basi. Nilichopaswa kumwambia Mwenyekiti siku ile ni historia ya kitu kimoja tu, kufuli la diski. Nenosiri la kuingilia Windows halimzuii mwizi anayejua kazi. Anatoa diski, anaiunga kwenye kompyuta nyingine, anasoma kila kitu. Kinachomzuia ni kusimba diski nzima, na kufuli la Windows la kufanya hivyo linaitwa BitLocker.

BitLocker ilikuja na Vista mwaka 2007, ikawekwa kwenye Enterprise na Ultimate peke yake. Hata Business haikupewa. Kwenye Windows 7 ikawa vivyo hivyo, Professional ikakosa. Ni Windows 8, Oktoba 2012, ndiyo iliyoishusha hadi Pro. Mwaka uliofuata, kwenye Windows 8.1, kufuli jepesi la aina hiyo hiyo likaruhusiwa hata kwa daraja la kawaida, kwa masharti mawili: vifaa vya kompyuta viwe vya aina fulani, na mwenye kompyuta aingie kwa akaunti ya Microsoft kupitia intaneti. Windows 11 ya mwaka 2024 ililegeza masharti ya vifaa na kufanya kufuli hilo lijiwashe lenyewe kwenye kompyuta nyingi mpya, Home zikiwemo.

Kwa hiyo Home ya chama ilikuwa na kufuli ndani yake. Lakini fundi aliyeiandaa aliruka hatua ya akaunti kwa sababu ofisini hapakuwa na intaneti, akatengeneza ya hapo hapo. Kompyuta ikafanya kazi vizuri na kufuli halikufungwa, na hakuna aliyejua, mimi nikiwa wa kwanza. Kwa Pro tungeweza kulifunga wenyewe bila akaunti wala intaneti, tukaandika ufunguo kwenye karatasi. Tungekuwa pia na haki ya kutofanya hivyo. Pro ambayo haijafungwa inasomeka kwa mwizi sawasawa na Home, na sitaki mtu aniambie kesho kwamba bwana shamba alisema Pro inalinda yenyewe.

Kama kompyuta ni ya kwako, ya barua, picha na video za kilimo, Home inakutosha, na hiyo tofauti ya bei nunua mbegu. Kama ndani yake kuna taarifa za watu wengine, hesabu ni tofauti. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika nchini, na orodha ya akaunti za wanachama si mali ya katibu.

Kuna njia ambayo historia hii imetufungulia. Kwa sababu maofisi ya nje yamekuwa yakinunua Pro tangu enzi za XP, kompyuta zao zikishauzwa kama mtumba huja na leseni ya Pro. Tangu Windows 8 leseni hiyo mara nyingi imeandikwa kwenye ubao wa kompyuta yenyewe, haimo kwenye kibandiko cha chini kama zamani. Ukinunua, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, uone ni daraja gani. Kisha ingia kwenye mipangilio uhakikishe leseni imethibitishwa, maana mafundi wengine huweka Pro ya wizi juu ya mashine ya Home, na programu wanazotumia kuvunjia leseni mara nyingi hubeba virusi. Kwa Windows 11, kama prosesa ni ya Intel, angalia iwe ya kizazi cha nane au zaidi. Na ukiwa tayari na Home halali, huhitaji kompyuta mpya: Microsoft huuza kupanda hadi Pro kwa dola 99, na milango inafunguka bila kufuta faili zako. Hapo unaona kwamba stoo ilikuwa ndani ya nyumba siku zote.

Chama chetu kilinunua ya mtumba yenye Pro, kwa bei ya chini kuliko ile Home mpya iliyoibiwa. Tuliwasha BitLocker siku hiyo hiyo mbele ya kamati. Ufunguo wa dharura ni tarakimu 48. Ukipotea na kompyuta ikauhitaji, kumbukumbu zote zimekwenda. Tumeuchapa nakala mbili. Moja iko kwenye kasiki pamoja na muhuri, na nyingine anayo mweka hazina nyumbani kwake, ndani ya bahasha iliyosainiwa.

Wale wawili waliotuma pesa hawajarudishiwa. Taarifa iko polisi.

Wiki ijayo, salfa.